Tupeane uzoefu: fonti zilizotusumbua katika programu za kusomea Maandiko kwenye simu

Mwanzishaji wa mada, Tanga

Salaam kwenu nyote. Nimeanzisha mada hii kwa sababu mwezi uliopita nilipoteza jioni tatu nikitafuta kosa ambalo ningalilimaliza kwa dakika kumi, lau kama mtu mmoja tu angalinisimulia yaliyomkuta.

Mama yangu husoma msahafu kwenye simu kila baada ya sala ya alfajiri, na macho yake siku hizi hayastahimili maandishi madogo. Nilimpakulia fonti (yaani faili lenye umbo la herufi) ya Kiarabu iitwayo Amiri, nikaiingiza kupitia sehemu ya mipangilio inayomruhusu mtumiaji kuweka fonti yake mwenyewe, nikaongeza ukubwa wa herufi, kisha nikamrudishia simu nikiwa na hakika kwamba nimemfanyia wema. Asubuhi iliyofuata aliniita akaniambia, "Mwanangu, hii Fatiha imepungua." Nilipoitazama aya ya nne niliona kwamba ile alifu ndogo inayosimama juu ya mimu katika neno *maaliki* haionekani, na mtu anayesoma kwa kufuata alichokiona angesoma *maliki*, ilhali kisomo cha Hafs tunachokisoma huku pwani kinavuta sauti hapo. Mama anaihifadhi Fatiha tangu utotoni, kwa hiyo aligundua mara moja. Ningehofia zaidi sura asiyoihifadhi.

Nilidhani faili la fonti lina kasoro, nikalifuta na kulipakua upya mara mbili bila mafanikio. Sababu ilikuwa nyingine kabisa. Programu ile huiweka kila aya katika kisanduku chake, na kisanduku kilikuwa kimepimwa kwa fonti ya awali, ambayo haiendi juu sana. Herufi za Amiri pamoja na alama zake zilikuwa ndefu kuliko nafasi iliyotengwa, hivyo kila kilichokaa juu kabisa kilikatwa. Aidha, maandishi ya simu nzima yalikuwa tayari yamewekwa katika ukubwa wa juu kabisa, na programu ilikuwa ikizidisha ukubwa wake juu ya ule wa simu. Niliurudisha ukubwa wa simu hatua mbili nyuma, nikaongeza nafasi kati ya mistari kutoka 1.0 hadi 1.7, na ile alifu ikarejea mahali pake.

Ninawaomba kila mwenye kisa akieleze kwa utaratibu: alikuwa akisoma lugha gani, aliona nini hasa kwenye kioo, na hatua ipi ndiyo iliyotibu. Wa Biblia na wa Qur'ani sote tunakaribishwa, kwa kuwa ninaamini taabu yetu ni moja.

Mchangiaji, Murang'a

Ninashukuru kwa mada hii. Kwangu ilikuwa Biblia ya Kikuyu, ambayo nyanya yangu huisikiliza nikimsomea jioni. Kikuyu kina irabu mbili zenye alama juu, ĩ na ũ, na hakuna mstari unaopita bila hizo. Nilichagua fonti moja yenye umbo la mwandiko wa mkono, ambayo ilinivutia nilipoiona katika sampuli. Katika neno *mũndũ*, herufi m, n na d zilitoka kwa mwandiko ule mwembamba ulioinama, halafu ũ zote mbili zikatoka nene, zimesimama wima, kana kwamba zimekatwa kwenye gazeti na kubandikwa. Ukurasa mzima ulikuwa hivyo, na macho yalichoka kabla ya kumaliza zaburi moja.

Baadaye nilielewa kwamba fonti ile haikuwa na herufi hizo kabisa, kwa hiyo simu ilikuwa ikiziazima kutoka fonti nyingine iliyomo ndani yake kila ilipozikuta. Simu ya kaka yangu, ambayo ni ya zamani, ilionyesha vijisanduku vitupu mahali palepale. Wale waliotengeneza sampuli walikuwa wameandika sentensi ya Kiingereza, ambayo haina ĩ wala ũ, na mimi nilidanganyika kwa sampuli. Tangu hapo sikubali fonti yoyote kabla ya kuandika ndani yake neno la Kikuyu.

Sasa ninatumia Andika, iliyotengenezwa na shirika la SIL kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma, na ambayo hutolewa bure. Jina lake limetoka katika Kiswahili chetu, nami nilifurahi kulijua hilo. Herufi zake ziko wazi kiasi kwamba I kubwa, l ndogo na tarakimu 1 hazichanganyiki, jambo linalomsaidia sana mtu anayetafuta namba ya aya.

Mchangiaji, Goma

Ndugu wa Murang'a amenisemea sehemu kubwa. Niongeze jambo moja kwa wanaosoma Kilingala kilichoandikwa kwa ɛ na ɔ. Herufi yenye alama ya toni, kama ɛ́, haina nambari yake moja katika Unicode, mfumo unaoipa kila herufi nambari kwenye kompyuta na simu, tofauti na é ya Kifaransa iliyo nayo. Ni vitu viwili, herufi na alama inayofuata, na ni kazi ya fonti kuipandisha alama juu ya herufi. Fonti isiyofundishwa kazi hiyo huiacha alama ikining'inia kulia, juu ya herufi jirani, na msomaji huipandisha sauti mahali pasipo pake. Fonti za Charis SIL na Gentium zimenitoshea.

Mwanafunzi wa theolojia, Morogoro

Hayo ya Goma ndiyo hasa niliyokutana nayo katika Kiebrania. Nukta nyingi za irabu hukaa chini ya konsonanti, na dageshi, ambayo ni nukta nyingine, hukaa ndani ya herufi yenyewe. Katika neno la kwanza la kitabu cha Mwanzo, herufi bet ina vyote viwili, nukta ndani na sheva chini yake, kwa hiyo nimeifanya kuwa kipimo changu: nikifungua Mwanzo 1:1 na kukuta nukta mbili za sheva zimesogea kando ya bet badala ya kusimama chini yake, sihitaji kuendelea. Ezra SIL na SBL Hebrew zilitengenezwa mahususi kwa matini ya Biblia ya Kiebrania, na zote mbili zinaziweka nukta vizuri.

Hata hivyo, nina tahadhari. Katika programu niliyokuwa nikitumia, kuchagua SBL Hebrew kulibadilisha fonti ya kila kitu, pamoja na Biblia ya Kiswahili iliyokuwa upande wa pili wa kioo, na Kiswahili kikatoka kwa fonti ya kuazima isiyopendeza. Nilitafuta kwa muda mrefu hadi nilipogundua kwamba mipangilio ya fonti ilikuwa katika sehemu mbili: moja ya programu nzima, na nyingine inayofunguka tu mtu anapobonyeza kwa muda mrefu jina la tafsiri husika. Fonti ya Kiebrania iwekwe katika hiyo ya pili.

Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Kwa wenye iPhone, kisa changu ni kifupi. Niliiweka fonti kwenye simu, ikaonekana katika orodha ya fonti ndani ya mipangilio, lakini programu ya msahafu haikuiona kamwe. Tangu iOS 13 ya mwaka 2019 mtumiaji anaweza kuongeza fonti kwa kupitia programu maalumu, ila programu nyingine huzipata fonti hizo endapo tu mtengenezaji wake amefungua mlango huo. Yangu haikuufungua, wala hakuna nilichoweza kufanya kwenye simu. Nilimwandikia mtengenezaji kwa adabu, na wakati ninasubiri ninasoma kwa fonti yake.

Mchangiaji, Mwanza

Ninaomba mnisome kwa makini, kwa maana nilichokipoteza hakirudi.

Nilikuwa na programu ya Biblia ambayo iliruhusu mtumiaji kuweka faili za fonti katika folda yake kwenye simu, nayo ikazisoma. Kwa miaka minne nilisoma hivyo. Simu iliposasishwa, fonti zangu zote zilitoweka kwenye orodha, na kila nilipofungua programu ilirudi kwenye fonti yake ya kawaida. Sikujua wakati huo kwamba kuanzia Android 11, iliyotoka mwaka 2020, programu haziruhusiwi tena kujisomea folda za pamoja kwa uhuru kama zamani. Rafiki alinishauri nifute kumbukumbu za programu ili ianze upya. Nikaingia katika mipangilio ya simu, nikakuta vitufe viwili vilivyokaa pamoja, kimoja cha kufuta akiba na kingine cha kufuta data, nami kwa haraka nikabonyeza vyote viwili.

Akiba ni vitu vya muda ambavyo programu inaweza kuvitengeneza tena. Data ni vyote nilivyoviweka mimi: aya nilizozipaka rangi, alamisho, na maelezo niliyoyaandika pembeni mwa Waraka kwa Warumi usiku niliokuwa ninamuuguza baba yangu. Maelezo yale hayakuwahi kuhifadhiwa mahali pengine. Fonti hazikurejea, na maandishi yangu yakaenda.

Tiba halisi ilikuwa nyepesi mno. Katika toleo jipya la programu kulikuwa na kitufe cha kuongeza fonti ambacho hufungua orodha ya mafaili. Mtumiaji huchagua faili mwenyewe, na kwa kulichagua huwa ameipa programu ruhusa. Nawasihi wote mtakaogusa mipangilio ya aina yoyote: kwanza toeni nakala ya maelezo yenu na kuipeleka nje ya simu, kisha ifungeni programu kabisa na kuifungua upya, na hilo lisiposaidia futeni akiba peke yake.

Mwanzishaji wa mada, Tanga

Ndugu wa Mwanza, pole sana. Maelezo kama hayo hayana bei. Jioni hii hii nimetoa nakala ya alamisho za Mama, na nimemweleza kwa nini.

Mwalimu wa madrasa, Unguja

Nimesoma yote, nami ninataka kukaa kidogo katika upande wa Qur'ani, kwa sababu lililonikuta lingewapotosha watoto.

Msahafu wa Madina una kurasa 604, na kila ukurasa una mistari 15, isipokuwa zile mbili za mwanzo. Programu nyingi zinazotaka kuonyesha ukurasa kama ulivyochapwa hutumia fonti 604, yaani kila ukurasa na fonti yake, na katika fonti hizo kila nambari haiwakilishi herufi bali neno zima lililochorwa. Ukibadilisha fonti katika programu ya namna hiyo, unaona alama zisizosomeka, au maneno ya Kiarabu yasiyo ya aya ile. Kijana mmoja aliniletea simu akilia kwamba ameiharibu Qur'ani. Hakuiharibu, tulirudisha fonti ya awali na kila kitu kikakaa sawa. Mwenye kutaka fonti yake mwenyewe na achague kwanza mtindo wa kusoma aya kwa aya, si ukurasa kwa ukurasa.

Lililo zito zaidi ni sukuni, alama ya herufi isiyo na irabu. Katika msahafu wa Madina sukuni huchorwa kama kichwa cha herufi khaa kisicho na nukta, na kiduara kidogo juu ya herufi maana yake ni kwamba herufi hiyo haisomwi kabisa, kama ile alifu ya mwisho katika *qaaluu*. Katika juzuu wanazoanzia watoto wetu, kiduara hicho hicho ndicho sukuni. Fonti nyingi za Kiarabu za kawaida huchora sukuni kwa kiduara, kwa hiyo ukiweka fonti hiyo juu ya matini ya Madina, alama mbili zenye hukumu tofauti zinaweza kufanana. Siruhusu tena fonti ya kubadilishwa katika simu za darasani kabla sijaifungua mimi mwenyewe mahali penye alama hizo mbili. Vilevile msiwashe herufi nene kama fonti haina faili lake la herufi nene, kwa sababu simu hunenepesha mistari kwa nguvu, na fat-ha mbili (vistari vya irabu a juu ya herufi) hugandana zikaonekana kama moja.

Mchangiaji, Murang'a

Ustadhi, tunashukuru kwa somo hilo. Ninaomba kuuliza: faili nililopakua jana linaishia na woff2, na programu inalikataa. Je, kosa ni langu?

Mwanafunzi wa theolojia, Morogoro

Faili za woff2 zimetengenezwa kwa ajili ya tovuti. Tafuta inayoishia na ttf au otf. Na kama ulichopakua ni zip, lazima kifunguliwe kwanza, kisha uchague lile faili lenye neno Regular katika jina lake.

Mwanzishaji wa mada, Tanga

Baada ya maneno ya Ustadhi nimekaa na Mama, tukaitafuta *qaaluu* katika Suratul Baqara, kisha tukatafuta neno lenye sukuni katika aya hiyo hiyo, tukazilinganisha alama na msahafu wake wa karatasi. Alama zilikuwa mbili tofauti kwenye karatasi, na kwenye simu zilikuwa zinafanana. Nimeondoa fonti niliyoiweka, nikairudisha ile iliyokuja na programu, na nikabakiza ukubwa na nafasi ya mistari kama nilivyoeleza mwanzoni. Amesoma robo ya juzuu bila kuniita.

Mchangiaji, Murang'a

Nimepata ya ttf, na imekubali. Nimeandika *mũndũ*, na herufi zote tano zimetoka katika mwandiko mmoja.