Boti ya jirani imewaka gatini, yangu niilindeje?

Nahodha wa Kilifi:
Wakuu, juzi alfajiri boti iliyofungwa ubavuni mwa yangu imelipuka. Kijana alijaza petroli kifuniko cha injini kikiwa kimefungwa, akapiga stata. Nyusi zimekwenda, roho ipo, alhamdulillahi. Mimi nina futi 24, injini ya ndani, na mtungi mmoja wa poda ya kuzimia moto chini ya kitanda cha mbele. Unatosha?

Fundi Mashine:
Kaka, injini iko nyuma, mtungi umeuficha mbele! Uweke karibu na usukani. Ila kilichomponza kijana ni mvuke. Wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatuama kwenye ngama, kule chini kabisa ndani ya boti. Ukishajaza, fungua kifuniko, washa feni ya kutoa mvuke dakika 4, kisha inama unuse. Mimi naiamini pua yangu kuliko feni. Na petroli ikiwaka usiimwagie maji, inaelea na moto wake.

Mama Samaki:
Madumu jazeni nchi kavu, jamani.

Nahodha wa Kilifi:
Nimenusa leo. Mpira wa mafuta una ufa pale kwenye klipu, unatoka jasho. Naung'oa sasa hivi.