Waliohukumiwa kunyongwa kisha wakaachiwa: wenye ndugu waliopitia haya, tupeane uzoefu (Mbeya, Iringa, Njombe)

Ndizi za Tukuyu
Wakuu habari za jioni. Hii nimeiandika na kuifuta mara tatu, leo naiacha.

Baba yangu mdogo alihukumiwa kunyongwa mwaka 2013. Mzee mmoja kijijini kwetu, huku Rungwe, alikatwa mapanga usiku mwaka 2008, na nyuma yake kulikuwa na maneno ya uchawi. Shahidi mkuu alikuwa mke wa marehemu. Alisema waliingia watu watatu na mmoja alimtambua kwa mwanga wa koroboi. Koroboi mnaijua, kikopo cha mafuta ya taa na utambi wa kitambaa. Upepo wa Juni huku kwetu ukipenya mlangoni, moto unalala kama unataka kuzima. Yule mama nilimhurumia na bado namhurumia. Nadhani aliamini kabisa alichosema. Baba mdogo alikuwa jirani yao na walishagombana juu ya mpaka wa migomba, kwa hiyo sura yake ndiyo iliyokuja kwanza.

Alikaa mahabusu miaka mitano kabla kesi haijasikilizwa. Kila wiki mbili karandinga, kila wiki mbili "upelelezi haujakamilika". Mauaji hayana dhamana. Wazee wa baraza, raia waliokaa na jaji kumpa maoni, walikuwa watatu, wawili wakasema hana hatia, ila maoni yao hayakumfunga jaji. Siku ya hukumu nilibeba chai kwenye chupa nikijua tutarudi naye. Jaji aliposema anyongwe hadi kufa, bibi akaniuliza kwa Kinyakyusa, amesema miaka mingapi? Mpaka tunafika Kiwira sikuwa nimemjibu.

Mahakama ya Rufani ilimwachia mwaka 2019. Hukumu yao karibu yote ni ile koroboi: ilikaa wapi, mwanga wake ulikuwa mkali kiasi gani, mama alikuwa umbali gani, alimwangalia kwa muda gani. Wakarejea kesi ya mtu aitwaye Waziri Amani ya 1980, kwamba utambuzi wa namna hiyo usitegemewe mpaka mahakama iridhike kuwa hakuna nafasi ya kukosea. Yaani kanuni ilikuwepo tangu baba mdogo hajaoa.

Wenye mambo kama haya semeni mlipitia nini, hasa nyumbani baada ya mtu kurudi. Nina sababu ya kuuliza, nitaisema.

Mnyalu wa Kihesa
Kamwene. Kwetu ni kaka, naye hakufika kwenye hukumu. Baada ya miaka sita upande wa mashtaka ukaliondoa shauri. Tukamfuata na shati jipya. Hakuvuka hata barabara, akakamatwa palepale getini, shauri likaanza upya na namba nyingine. Shati nilirudi nalo. Alitoka moja kwa moja mwaka mmoja na nusu baadaye, na shati likawa kubwa.

Mzee wa Zamu
Nimetumikia magereza miaka mingi, wapi sisemi. Vijana wanamlaumu jaji, lakini kwa sheria yetu ukishakutwa na hatia ya mauaji jaji hana la kuchagua, adhabu ni moja. Mwaka 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu pale Arusha, kwenye shauri la Ally Rajabu na wenzake, ilisema kumfunga jaji mikono hivyo kunavunja haki ya kuishi.

Mtu mwingine atakwambia, si hawanyongwi? Kweli, kamba haijatumika tangu 1994, na Rais Magufuli mwaka 2017 alisema hadharani hatasaini mtu anyongwe. Lakini yule aliye ndani hajui kesho atakuja nani. Kulikuwa na mmoja, kila aliposikia funguo saa isiyo ya kawaida alikuwa anakunja blanketi lake vizuri, pembe kwa pembe, anakaa juu yake anasubiri. Hakulia wala kuuliza kitu. Kwa ajili yake nilianza kutembea na funguo nimezifumbata mkononi zisilie. Nimestaafu, mpaka leo nyumbani nazifumbata. Mke wangu ananicheka.

La kuwasaidia: kusudio la kukata rufaa linaandikwa ndani ya siku 30, na mfungwa analijaza kupitia gereza. Msingoje kuchangisha hela ya wakili kwanza.

Chai ya Mufindi
Mjomba wangu aliokolewa na saa. Alikamatwa alfajiri, maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayotoa polisi na kusaini, yakaandikwa siku ya pili jioni. Sheria inawapa polisi muda wa saa nne tu tangu kumkamata mtu, isipoombwa nyongeza. Maelezo yakaondolewa kwenye ushahidi, na bila hayo kesi haikuwa na mguu wa kusimamia. Sasa huku kwetu wanamwita "Saa Nne". Maana yake aliua, ila katoka kwa saa. Mwenyewe anasema alisaini kwa sababu ya kipigo, na magoti yake yanaonekana. Namwamini. Lakini nikisema ukweli wote, kuna usiku huwa najiuliza, kisha asubuhi namwonea aibu.

Isimani Kavu
Mimi mtu mzima kidogo. Ukitaja kunyongwa kwetu Isimani watu wanamkumbuka Mwamwindi, aliyempiga risasi mkuu wa mkoa, Dk. Kleruu, shambani kwake siku ya Krismasi 1971, enzi za vijiji vya ujamaa. Akambeba maiti kwenye gari akaenda mwenyewe polisi Iringa. Akanyongwa. Wazee wetu walikuwa wakilisimulia hili huku wamepunguza sauti.

Ndizi za Tukuyu
Shikamoo mzee, ahsante. Ila Mwamwindi hakukana. Hapa tunawazungumzia waliosema si mimi.

Binti Makambako
Mimi niko upande wa pili na sijui kama nakaribishwa. Aliyeuawa ni kaka yangu. Aliyehukumiwa aliachiwa kwenye rufaa, huwa namwona stendi anauza viazi. Kila mtu aliyempa mkono siku ile alisema haki imetendeka. Sawa. Basi nani alimuua kaka yangu? Faili limefungwa, hakuna aliyeniita hata kuniambia. Viazi vyake sijawahi kununua, na kama si yeye basi namwonea kila siku ninapopita.

Ndizi za Tukuyu
Dada pole sana, unakaribishwa kuliko sisi. Yule mama wa koroboi yuko kama wewe. Baba mdogo alipita kwake wiki ya pili baada ya kurudi, akasimama uani, akapiga hodi. Mama akamwona dirishani, akafunga. Hajarudi tena, ila mpaka wa migomba baba mdogo ameusogeza upande wake mwenyewe hatua mbili bila kuambiwa. Wana wa yule mama wanasema huko ni kukiri. Mimi sijui nisemeje.

Sasa sababu yangu. Baba mdogo hana namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa. Watu walipoandikishwa alikuwa ndani. Laini anatumia ya mwanangu, mbolea ya ruzuku anaandikishiwa jina la shangazi. Nilimpeleka kujaza fomu, akaulizwa miaka yote hiyo alikuwa anaishi wapi. Akajibu, "Safarini." Fomu ikarudi.

Mnyalu wa Kihesa
Aseme ukweli, ndugu yangu. Sisi tulipeleka nakala ya uamuzi wa mahakama pamoja na barua ya mtendaji. Ilichukua miezi minne lakini ilitoka. Hukumu anayo?

Ndizi za Tukuyu
Anayo. Iko kwenye mfuko wa nailoni chini ya godoro na hataki mtu aiguse. Nitamwomba kesho akishakunywa chai.