Vifaa vya kuzamia kwenye ndege Songwe mpaka Mafia, nini kiende chini na nini nibebe mkononi?

mtoto_wa_uyole

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wanaojua. Niko Mbeya, mwezi huu wa kumi na moja naenda Mafia kuzamia na kuwaona papa potwe, napanda ndege Songwe mpaka Dar halafu pale nachukua kale kandege kadogo. Safari hii naenda na vifaa vyangu mwenyewe, nimevinunua kwa mgeni mmoja alikuwa anazamia Ziwa Nyasa sasa anarudi kwao. Kuna regyuleta (ile ya kupumulia chini ya maji), jaketi la kuelea, wetsuti (nguo ya mpira ya kuzamia), mapezi, miwani, kompyuta ya kuvaa mkononi inayopima kina na muda wa kuzamia, tochi mbili, kisu, mkanda wenye vipande vya madini ya risasi vya kuongeza uzito na mtungi mmoja wa aluminiamu. Nikiweka vyote kwenye mzani inapita kilo 30. Sasa mtungi wanakubali? Na kisu je? Halafu nimepanga Jumamosi asubuhi nishuke Matema na mwenzangu tuvijaribu, mchana nageuza kurudi Mbeya, ndege yangu ni Jumapili saa tisa mchana, kwa hiyo naona masaa 24 ya kusubiri baada ya kuzamia kabla ya kuruka yanatimia vizuri tu. Au kuna kitu sijakiona?

Kitonga_Juu

Kamwene mkuu. Mtungi na mkanda wa uzito acha nyumbani, kule Mafia kila kituo cha kuzamia kinavyo na kwa kawaida bei ya kuzamia inakuwa imeshavihesabu. Mtungi kwenye ndege lazima uwe mtupu na valvu itolewe ili mkaguzi aone ndani, na ukishautoa valvu unyevu unaingia, ukifika unakojazia watataka waukague upya, sasa yote hayo ya nini kwa chuma cha kilo 14?

Regyuleta hiyo usithubutu kuiweka kwenye mzigo wa chini. Mabegi yanarushwa, na hicho ndicho kitu kinachokupa hewa ukiwa mita 20 chini, mi yangu haitoki mkononi. Iweke juu kabisa kwenye begi kwa sababu kwenye skana inaonekana mipira na vyuma vimejikunja, watakwambia fungua, unafungua unawaeleza kwa upole ni kifaa cha kupumulia chini ya maji, mnamalizana. Kompyuta na miwani navyo mkononi, miwani kwenye boksi lake. Kisu chini, hapo hamna mjadala, kifunge vizuri kisije kikamkata anayekagua. Mapezi, wetsuti na jaketi chini pia ila jaketi hakikisha umelimwaga maji yote ndani, lita moja ya maji ni kilo nzima unailipia bure.

Tochi ndo watu wengi wanazichukulia poa. Za kuzamia zina mwanga mkali sana na zikijiwasha zenyewe ndani ya begi zinachemka mpaka kuunguza nguo, toa betri kabisa. Betri za lithiamu za akiba ni mkononi tu, haziruhusiwi chini, na ncha zake zibandike selotepu zisigusane na funguo au sarafu. Kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100, unazidisha volti kwa ampea-saa zilizoandikwa kwenye betri, mfano 3.7 mara 3.4 inakuja kama 12.6, kwa hiyo upo mbali sana na kikomo.

Makambako_Stendi

Naongezea hapo kwenye kandege ka Mafia. Zile Caravan mara nyingi wanakupa kilo 15 tu na wanataka begi laini, sanduku gumu haliingii vizuri kule tumboni mwa ndege. Usidanganyike na kilo 23 za ndege ya kwanza, soma tiketi zote mbili. Piga simu mapema uulize kilo za ziada, ukisubiri kaunta ndege ikiwa imejaa mzigo wako unabaki Dar. Wakati wa kurudi na vifaa vilivyolowa chukua begi lisilopitisha maji, mifuko ya plastiki si unajua ilipigwa marufuku tangu Juni 2019.

mama_nyasa

Mdogo wangu, wenzangu wamekujibu vizuri habari ya mizigo lakini hiyo Jumamosi ya Matema imenishtua, naomba unisikilize. Unahesabu masaa mpaka ndege ya Jumapili, wakati safari yako ya kupanda juu inaanza Jumamosi hiyohiyo mchana. Ziwa liko kama mita 475 toka usawa wa bahari. Ukitoka Matema unapita Ipinda, unapanda Tukuyu, pale Isyonje kwenye baridi uko juu ya mita 2,000, ndipo unashuka Uyole. Ndani ya ndege kubwa hewa inawekwa sawa na kuwa kwenye mlima usiozidi mita 2,400 hivi. Sasa tofauti iko wapi? Mwili haujui kama umepanda Kosta au ndege, unachojua ni kwamba hewa imepungua ghafla na ile naitrojeni, gesi ya kwenye hewa unayopumua, iliyoingia mwilini ukiwa chini ya maji bado haijatoka, ndipo inageuka mapovu mwilini. Nunua pakiti ya krispi Kyela uiangalie ukifika Isyonje ilivyovimba.

Mwongozo unaotumika ni angalau masaa 12 kama umezamia mara moja tu bila kuhitaji kusimama kwanza majini wakati wa kuibuka ili kupunguza naitrojeni, masaa 18 kama umezamia zaidi ya mara moja au siku mfululizo, na hiyo inahesabika hata kupanda mlima kwa gari. Maumivu ya viungo na ganzi yanaweza kukuanza baada ya masaa kadhaa, utajikuta uko Mbeya unadhani ni uchovu wa safari. Na kwa sababu ziwa lenyewe liko juu ya mita 300, angalia hiyo kompyuta imejirekebisha kwa mwinuko kabla hujaingia majini.

mtoto_wa_uyole

Dada ndaga fijo, hilo la barabara sikuwahi kuliwaza kabisa, mi nilikuwa nawaza ndege tu. Sasa nikizamia Jumamosi mpaka saa nne asubuhi, nikalala Matema, Jumapili alfajiri kwenye saa kumi na moja nikaanza kupanda, inakaaje?

mama_nyasa

Hapo una masaa 19 kabla hujaianza Tukuyu, hata ukizamia mara mbili umo ndani, na Songwe unafika kabla ya saa tisa kama gari halijakusumbua. Ila mwambie na huyo mwenzako, asije akageuza Jumamosi peke yake.