Mrejesho: kile kisima cha zamani hapa Bombo

Ndugu zangu, ni mimi niliyeuliza namna ya kutafuta kisima cha babu zetu Wanubi hapa Bombo, Uganda. Asanteni sana. Aliyenielekeza ofisi ya ramani Entebbe, Mungu akubariki: nimepata nakala ya zamani ya ramani ya kipimo cha 1:50,000. Nikaiweka kwenye simu, ikanipeleka uani kwa watu, mbwa akanitoa mbio! Kumbe ramani zile zinafuata Arc 1960, mfumo wa zamani wa kupimia mahali, simu inafuata mfumo mwingine, WGS 84. Huku kwetu tofauti ni karibu mita 300. Nilipobadilisha mfumo, barabara na kinamasi vikakaa sawa. Lakini kisima chenyewe hakikuchorwa. Bibi mmoja jirani ndiye aliyetuonyesha: mawe manne chini ya mwembe, majani yameyafunika. Makaburi yao ya zamani, ambayo nayo nayatafuta, bado sijayapata.