Mtoto ana Division Two: Form Five PCB au diploma ya Clinical Medicine?

MamaWawili: Wakuu naombeni mawazo. Mwanangu wa kwanza kamaliza form four, kapata two ya point 19, Bio B, Chemistry C, Physics C. Tamisemi wamempangia PCB (Physics, Chemistry, Biology) shule ya bweni ya serikali, mkoa mwingine kabisa. Baba yake anasema aende. Mimi naona apige diploma ya Clinical Medicine hapa hapa mjini, miaka mitatu awe na fani mkononi, MD (digrii ya udaktari) atajiendeleza baadaye maana udaktari ndio ndoto yake. Wiki ya pili hii nyumbani tunanuniana.

Ngosha_Original: Form Five, hapo hamna cha kujadili. Serikali imefuta ada ya five na six tangu 2022, wewe unataka kwenda kulipa ada, hosteli, michango isiyoisha chuo cha binafsi ili mtoto atoke CO (Clinical Officer). Na CO sio daktari, tusidanganyane.

Tabibu_Zahanati: @Ngosha_Original siku mkeo akiumwa saa nane usiku kijijini uje na huyo MD wako. Zahanati ngapi umeona zina MD? Anayepokea, anayepima, anayeandika rufaa ni nani? Mnatudharau mchana usiku mnatugongea milango.

Ngosha_Original: Sijadharau mtu mkuu, nimesema sio daktari. Cheo chako ni Clinical Officer, hata kwenye kitambulisho imeandikwa hivyo.

Tabibu_Zahanati: Na wewe cheo chako ni kipi? Maana humu wote mabosi.

MwlSekondari: MamaWawili, kabla hatujaenda mbali, hesabu kapata ngapi? Mbona umetaja tatu tu.

KijanaWaUdom: Me nimepita diploma nikaja degree kwahiyo naongea nikijua. Faida ni kwamba chuo unaanza kushika wagonjwa mapema, form six wanakuja first year hawajui hata BP inapimwaje. Ila GPA jamani, wanataka 3.5 ndo uombe degree, ukicheza level 5, yaani mwaka wa pili, umekwisha.

DadaMkubwa: 3.0 ndugu, 3.5 iliwahi kuwepo miaka ya nyuma kidogo ikazua kelele. Mwongozo wa TCU (tume ya vyuo vikuu) sasa hivi ni 3.0. Ila hiyo ni ya kuruhusiwa kuomba tu, kwenye MD mnagombania nafasi na wenye 4 na kitu.

Kisauti: Watu wa diploma mnajitetea sana, si ndio nyie Magufuli aliwaita vilaza pale Udom 🤣

KijanaWaUdom: Soma kabla ya kuandika. Wale wa 2016 walikuwa special diploma ya ualimu wa sayansi, waliondolewa chuoni wakati wana division nzuri tu wengine. Inahusiana nini na afya?

Kisauti: Mbona povu, nimetania.

Tabibu_Zahanati: Utani wa kuita watoto wa watu vilaza. Ndio maana mtoto akipangiwa chuo mzazi analia kama amefiwa.

MamaWawili: Jamani silii mimi ndio ninayetaka chuo 😅 @MwlSekondari hesabu kapata F, ila si haihesabiwi kwenye yale masomo saba bora ya division?

MwlSekondari: Sasa hapo ndipo kwenye kesi. Kuingia diploma ya Clinical Medicine F ya hesabu haimzuii, wanataka D nne na ndani yake ziwemo Bio, Chemistry na Physics, anazo. Tatizo linakuja akishamaliza. Kuomba MD kwa kupitia diploma wanarudi kwenye cheti cha form four, wanataka D ya hesabu, Bio, Chemistry, Physics na kiingereza. Bila hesabu hata awe na GPA ya 4.5 mlango umefungwa mpaka arisiti, yaani arudie mtihani. Wa form six hawamuulizi hesabu, wao wanataka PCB zote zisipungue D, jumla point 6 na kuendelea. Kwahiyo kama lengo ni MD, ama aende five, ama aende chuo huku anajisajili kurisiti hesabu mapema, asingoje amalize.

Ngosha_Original: Daktari hesabu ya nini, si anaandika panadol tu.

Tabibu_Zahanati: Dozi ya mtoto unaikadiria kwa macho? Hii ndio shida ya kubishana na watu wasiojua kazi za watu.

Kisauti: Hahaa Ngosha leo umekutana na daktari

Ngosha_Original: CO.

DadaMkubwa: Nyie wawili nendeni inbox. Mama, upande wa hela usimsikilize mtu anayekwambia bodi ya mikopo inakopesha diploma ukatulia. Kweli walianza 2023/24 ila ni kozi za vipaumbele, sio kila kozi ya afya imo, kaisome orodha kwanza. Na piga muda pia, five na six miwili, JKT, MD mitano, intern mmoja. Diploma mitatu, MD mitano, intern mmoja. Hamna njia ya mkato hapo labda kama ataishia CO, ambayo sio dhambi.

KijanaWaUdom: JKT si lazima siku hizi wengi hawaendi

BabuMstaafu: Nani kasema si lazima? Ni kwa mujibu wa sheria, ilirudishwa 2013. Sisi tulikaa mwaka mzima kambi ya Oljoro tukitoka huko hata mke hakugombezi.

Kisauti: Mzee tuletee stori za Oljoro basi

BabuMstaafu: Nitaandika jioni, simu inaisha chaji. Ila nyie vijana wa siku hizi mnakimbia mchakamchaka mnasingizia diploma, semeni ukweli.

KijanaWaUdom: Babu mimi nina pumu.

MamaWawili: @MwlSekondari kurisiti anajisajili wapi, na je akiwa five anaweza kurisiti hukohuko?

Kisauti: Pumu ndio kisingizio namba moja, namba mbili miguu bapa 😂

ShangaziKigoma: Samahani nje ya mada, Tabibu nimekufuata inbox. Mjukuu anachemka tangu jana.

Tabibu_Zahanati: Nimeiona shangazi. Mpeleke akapimwe sasa hivi, sitoi dawa kwa simu.