Mrejesho: Programu ya uzito wa viazi sasa inajumlisha

Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati nyote mlionijibu nilipouliza kwa nini programu yangu ya Python (lugha ya kuandikia programu za kompyuta), ninayowaandalia wakulima wenzangu wa viazi hapa Uyole, Mbeya, ilipokea gunia la kilo 85 na la kilo 90 kisha ikatoa jumla ya 8590 badala ya 175.

Nilifuata maelezo kwamba input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi hata mtumiaji anapoandika tarakimu, na kwamba alama ya kujumlisha huyaunganisha maandishi bila kuyahesabu. Nilipoweka kila ingizo ndani ya float(), inayogeuza maandishi kuwa namba, jumla ilitoka sahihi. Maelezo hayo yamenifaa kuliko msimbo wenyewe.

Ushauri wa kutumia try na except, zinazonasa kosa ili programu isisimame, umefaulu kwa sehemu: nafasi tupu hukataliwa na mtumiaji huulizwa upya, lakini anayeandika 85,5 kwa mkato naye alikataliwa, ingawa uzito wake ni halali. Nimeongeza replace(",", "."), inayobadilisha mkato kuwa nukta, kabla ya float(), na sasa anapokelewa. Atakayepima shehena nzima awe mwangalifu, kwani kwa njia hii 1,200 (elfu moja na mia mbili) itasomwa kama 1.2, hilo bado sijalitatua.