Mjadala: Je, Tibet ilikuwa sehemu ya China kabla ya 1951?

Mchangiaji aliyetangulia ameeleza kwamba suala hili lilikwisha tangu karne ya 13, kwa kuwa Wamongolia wa ukoo wa Yuan waliitawala Tibet pamoja na China, na kila serikali iliyofuata Beijing ikarithi mamlaka hayo. Hiyo ndiyo hoja ya serikali ya China yenyewe, na haifai kupuuzwa, lakini inabebeshwa mzigo usioumudu. Wamongolia waliitiisha Tibet kabla hawajamaliza kuiteka China ya kusini, wakaiongoza kupitia watawa wa Sakya, dhehebu la Kibuddha la huko Tibet. Kama kutekwa na mtawala mmoja kungetosha kuziunganisha nchi mbili daima, Mongolia ndiyo ingekuwa mdai wa kwanza wa zote mbili.

Upande wa China una hoja nzito zaidi, nayo ni ya enzi ya Qing, ukoo wa mwisho wa kifalme wa China. Jeshi la Qing liliingia Lhasa, mji mkuu wa Tibet, mwaka 1720, kuanzia 1728 kukawa na wawakilishi wakaazi walioitwa amban, na mwaka 1793 mfalme Qianlong akatoa kanuni 29 zilizogusa hata namna ya kumpata Dalai Lama, kiongozi mkuu wa dini na utawala wa Tibet, yaani kwa kura ya majina yaliyotiwa katika chombo cha dhahabu. Wanaodai kwamba huu ulikuwa uhusiano wa kiroho tu, kati ya mfadhili na mwalimu wake wa dini, wanakwepa ushahidi. Ni kweli pia kwamba Dalai Lama wa 13 alipatikana bila kura hiyo, jambo linaloonyesha jinsi mkono wa Beijing ulivyokuwa umelegea karne moja baadaye.

Kwa maoni yangu, mjadala wote unasimama au kuanguka kwenye miaka ya 1912 hadi 1951. Qing ilipoanguka, askari wake walifukuzwa Lhasa, na mwaka 1913 Dalai Lama wa 13 akatoa tangazo ambalo Watibeti wengi hulihesabu kuwa la uhuru. Tangu hapo Tibet ilikuwa na jeshi lake, noti zake na stempu zake. Wajumbe wake wa biashara waliozuru nchi za nje mwaka 1947 na 1948 walisafiri kwa pasipoti za Tibet, zikagongwa viza za Uingereza na Marekani.

Hata hivyo, nchi hizo hizo zilizogonga viza hazikuitambua Tibet kuwa dola huru. Uingereza, iliyokwisha kuivamia Lhasa mwaka 1904, ilikubaliana na Urusi mwaka 1907 kwamba China ina ukuu wa juu juu tu kwa Tibet, si mamlaka kamili, msimamo ulioifaa mno India yake, kwani ulimweka mbali jirani mwenye nguvu bila kumlazimu Mwingereza kuitetea Tibet. Iliushikilia hadi 2008, ilipouacha na kuitambua Tibet kuwa sehemu ya China moja kwa moja. Kwa hiyo ukosefu wa kutambuliwa, ambao hutajwa kama pigo la mwisho dhidi ya Watibeti, unatueleza zaidi kuhusu maslahi ya London kuliko kuhusu nani alikuwa akitawala Lhasa.

Ndipo tunafika kwenye Mkataba wa Vifungu 17, uliotiwa saini Beijing tarehe 23 Mei 1951, miezi saba baada ya jeshi la China kuiteka Chamdo, mji wa mashariki mwa Tibet. Dalai Lama wa sasa aliuridhia kwa telegramu mwaka huo huo, kisha akaukana mwaka 1959 alipokimbilia India, akisema ulipatikana kwa vitisho. Tuache kwanza ugomvi huo wa uhalali, tuusome mkataba wenyewe: kifungu cha 8 kinaliingiza jeshi la Tibet katika jeshi la China hatua kwa hatua, na cha 14 kinaikabidhi Beijing mambo yote ya nje ya Tibet. Anayeshikilia kwamba Tibet haikuwahi kutoka mikononi mwa China atueleze kwa nini mambo hayo mawili yalihitaji kuandikiwa mkataba.